Mkalimani wa Kikula

Tangu kiharusi kimwangushe, Théodore alibakiwa na neno moja tu: basi. Akiwa na njaa, basi. Akitaka kugeuzwa upande wa pili kitandani, basi. Jua likimchoma usoni pale kibarazani, basi, basi, basi. Berthe, mkewe, alijifunza kulisikiliza neno hilo kama mama anavyosikiliza kilio cha mtoto mchanga, si kwa maana yake bali kwa wimbo wake. Basi ya kupanda ilikuwa swali. Basi ya kushuka ilikuwa uchovu. Kulikuwa na basi nyingine, fupi na kavu, iliyosema kwamba haelewi ni kwa nini watu hawamwelewi. Hiyo ndiyo iliyompeleka Berthe jikoni kufuta macho na kusingizia moshi wa mbabula, jiko lao la makaa.

Na mtu mwenyewe alikuwa ameishi kwa maneno. Ujana wake aliumaliza akifundisha lugha katika shule za Likasi. Kisha vita vikaisha, viti vikagawanywa kule Kinshasa, na bungeni wakaingia waheshimiwa wengi kutoka mashariki ambao Kifaransa kiliwakaa kinywani kama mfupa wa samaki. Wakatafutwa wakalimani. Théodore akaitwa. Miaka kadhaa alikaa ndani ya kabini ya vioo, kaske ya kusikilizia masikioni, Kifaransa kikimwingilia upande huu na Kiswahili bora kikimtoka upande ule, bila kupumzika, bila kuchanganya.

Berthe alibaki na watoto Kikula, mtaa wao wa Likasi. Bunge likienda likizo, mumewe alirudi nyumbani sauti imemkauka. Alikuwa akikaa kitini, anavua viatu, anasema, "Mama Danielle, minye nimechoka kusema." Hapo hapo ananyamaza. Ndivyo mambo yalivyogawanyika nyumba ile: Bunge lilipata maneno, Berthe akapata ukimya. Hakulalamika. Alijiambia kwamba siku ya pensheni inakuja, nao watakaa waongee mpaka kuku walale. Pensheni ilikuja, wakaongea kidogo, wakawa ndiyo kwanza wanazoeana tena, na asubuhi moja ya Jumapili, akiwa anafunga kamba za viatu aende misani, Théodore akaangukia ubavu.

Daktari alisema maneno bado yamo ndani, ila njia ya kutokea ndiyo iliyobomoka. Berthe aliuliza kama njia hiyo inaweza kutengenezwa. Daktari akasema wakati mwingine.

Katikati ya kipupwe, siku za baridi ambazo watu wa Likasi hutembea na makoti mpaka jua likaze, msichana mmoja alibisha hodi. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la njiani.

"Mama, minye njo Rachida," alisema. "Natumikaka kule Bunge Kadogo."

Kila mtu wa Likasi aliijua Bunge Kadogo. Ilikuwa nyumba ya marehemu Magloire, mbunge wa zamani ambaye hakuacha kitu cha zamani kitupwe, na ambaye kabla ya kufa alitoa nyumba yake ya mjini iwe makumbusho ya historia ya Bunge la taifa. Alisema watoto wa Katanga wasilazimike kupanda ndege kwenda Kinshasa ili waone sheria zao zilitungwa wapi. Rachida, ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, alikuwa mtunzaji wake.

"Bunge inatafuta nini tena ku nyumba yangu?" aliuliza Berthe, mkono bado umeshika mlango.

"Tuko na bakaseti ya bikao ya zamani, mama. Moya tuliisikiliza, tukasikia sauti ya baba Théodore anatafsiri. Tukauliza-uliza, batu bakatuambia eko Kikula. Tuko na kabini pia, ya kweli, ile ba-interprète balikuwa banaikala. Tunaomba siku moya akuye asikilize."

Berthe alisogea pembeni kidogo ili msichana aone. Théodore alikuwa kitini, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu yake kama kitu cha kuazima.

"Muangalie, mutoto yangu. Bunge ilikula sauti yake yote. Hamuna tena ya kukamata apa."

"Basi?" alisema Théodore kutoka kitini, na basi hiyo ilipanda juu kabisa. Alikuwa amesikia neno Bunge.

Rachida alimwamkia baba yule kwa heshima, akiinama, akaaga bila kusukuma jambo. Berthe akafunga mlango. Siku ile nzima Théodore alitazama mlango.

Jumamosi iliyofuata Danielle, binti yao mkubwa aliyekuwa mwalimu Kambove, alikuja kulala nyumbani kama kawaida yake. Mchana baba akaanza kutaka kitu. Wakamletea maji, akakataa. Wakamletea shati, rozari, redio, kofia. Basi. Wakamfungulia dirisha, wakalifunga. Basi, basi. Danielle akajaribu kumwonyesha vitu kimoja kimoja mle chumbani, akitaja jina la kila kitu kama anavyofanya na watoto wa darasa la kwanza, na baba yake, aliyewahi kutafsiri katiba neno kwa neno, akapiga meza kwa mkono wake mzima mpaka kikombe kikaruka na kuvunjika. Kisha akalia. Hawakuwa wamewahi kumwona akilia. Mpaka leo Berthe hajui mumewe alitaka nini siku ile.

Walipokwisha kufagia vigae, Danielle alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, umupeleke kule."

"Na kama itamuumiza?"

"Hata apa analia, mama."

Berthe aligeuza makaa kwa koleo, akayageuza tena. "Ile kazi njo ilimukamata kwangu," alisema. "Leo minye mwenyewe nimushike mukono nimurudishe?"

Danielle aliinama. Aliokota kigae kilichojificha chini ya kabati, akakitupa. Alhamisi Berthe akaita teksi.

Alivaa vizuri siku hiyo, kitenge cha sherehe na hereni. Alipoulizwa na jirani anakwenda wapi, alisema mjini tu. Moyoni alikuwa kama mke anayekwenda kumwona kwa macho yake mke mwenzake, yule ambaye amesikia habari zake miaka mingi. Lakini Rachida alipowapokea na kuwapitisha polepole, chumba baada ya chumba, Berthe aliona vitu vya kawaida tu. Picha za wabunge wa kwanza wa uhuru, wembamba, miwani mizito, wamesongamana ngazini kama wanafunzi siku ya matokeo. Abakosti nyeusi, lile koti la wakubwa wa zamani lisilovaliwa na tai, ndani ya kioo, imechakaa viwikoni. Nyundo ya mbao ya kunyamazisha watu. Viti vya ngozi ya kijani, kimojawapo kimepasuka na sifongo inachungulia. Kumbe ndiye huyu, aliwaza Berthe. Naye amezeeka.

Théodore alitembea kwa fimbo, akiburuta mguu. Mbele ya kila picha alisimama. Mbele ya mmoja wa wabunge wa picha za karibuni alicheka kabisa, mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua anacheka nini.

Kabini ilikuwa chumba cha mwisho: kibanda cha mbao na kioo, viti viwili, meza nyembamba, mikrofoni yenye shingo ndefu. Rachida alimsaidia Théodore kukaa kiti cha kushoto, akamwambia Berthe akae cha kulia.

"Minye pia?"

"Ba-interprète banaikalaka babili, mama. Moya akichoka, mwenzake anamupokea."

Wakavaa kaske. Kaseti ikaanza na mkwaruzo, kukohoa kwa watu, viti vinavyoburutwa. Sauti ya Kifaransa ikasikika kwa mbali, na juu yake sauti nyingine, ya mwanamume, tulivu, ya Kiswahili kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Berthe hakuitambua. Alisikia maneno kadhaa ndipo ngozi ikamsisimka. Hakuwahi kumsikia mumewe akiwa kazini. Nyumbani Théodore alisema Kiswahili cha Kikula kama wao wote, minye na weye, bintu na batoto. Mtu huyu wa kwenye kaseti alisema "waheshimiwa wabunge" na "kwa mujibu wa kanuni," na alikuwa na uzuri ambao Berthe hakuwa amepewa hata siku moja.

Aligeuka kumtazama. Théodore alikuwa ameketi wima. Mkono wake wa kushoto ulikwenda mezani, ukapapasa, ukapata kitufe cha chini ya mikrofoni na kukibonyeza, ingawa mikrofoni ilikuwa haina waya. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Haikufuata kaseti, ilikwenda nayo sambamba, kama mtu anayeimba wimbo wa kanisani akiwa amefumba macho.

"Kikao," alisema Théodore kwa sauti, "kimefunguliwa."

Rachida alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Kikao kimefunguliwa," alirudia, safi, kila silabi mahali pake. "Ninampa neno mheshimiwa... ninampa neno mheshimiwa..." Hapo akakwama. Jina halikuja. Akatafuta, paji la uso likatoka jasho. "Basi," akasema, na mabega yakashuka.

Rachida alikuwa anacheka na kulia. Berthe alivua kaske, akaiweka mezani polepole, akatoka nje.

Uani kulikuwa na tangi la maji na kivuli cha ukuta. Aliegemea pale. Baada ya kitambo Rachida alimfuata.

"Mama? Ni furaha?"

"Hapana. Ni wivu." Berthe alishangaa kujisikia akisema hivyo mbele ya mtoto wa watu. "Miezi yote ile namuogesha, namulisha, namuita jina yake kila asubuhi. Sasa neno inamufungukia, na anaipatia nani? Bunge. Kama zamani. Kwangu analetaka tu basi."

Rachida alikunja ncha ya kitambaa chake. Alikuwa bado mdogo, hakuwa na la kumfundisha mwanamke wa umri ule, na alilijua hilo.

"Baba yangu alikuwa dereva wa makamyo," alisema mwishoni. "Njia ya Kasumbalesa. Akirudi ku nyumba, akilala, mukono yake inaanza kubadirisha vitesi, ile gia ya kamyo. Usiku muzima. Mama alikuwa anasema, tumuache, mukono haiyue bado kama imefika."

Berthe alimtazama.

"Kinywa ya baba Théodore," alisema Rachida, "labda haiyue bado kama imefika."

Walirudi Kikula mchana. Berthe alimlipa mtu wa teksi. Alimkalisha Théodore jikoni, karibu na mbabula kwa sababu ya baridi, akaketi kwenye kigoda chake, akaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni ile. Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Théodore.

"Haya, imefunguliwa," alijibu Berthe bila kuinua macho. "Babunge beko wapi? Ni minye na ile kuku, na kuku imetoka."

Théodore aliinua mkono wake wa kushoto. "Ninampa neno mheshimiwa..."

Tangu augue, Berthe alikuwa na desturi ya kumsaidia. Alimtangulizia maneno, maji? mkate? choo?, akiyatupa mbele yake kama punje ili aokote moja. Sasa alifungua kinywa, akakifunga. Sijui ni uchovu, sijui ni kile kiburi kidogo alichorudi nacho kutoka mjini. Aliacha majani mapajani, akamtazama mumewe usoni, akangoja.

"Ninampa neno mheshimiwa..." Mkono ulikuwa bado juu. Macho yake yalikwenda darini, yakashuka ukutani, yakapita sufuria na ndoo, yakamfikia Berthe, yakasimama pale. Sufuria iliyokuwa mbabulani ilianza kufurika, maji yakamwagikia makaa, wala hakuna aliyenyanyuka.

"Mheshimiwa Berthe."

Hakuwa amemwita jina hilo tangu walipokuwa wachumba. Alipozaliwa mtoto wa kwanza alikuwa Mama Danielle kwa dunia nzima, na kwa mumewe vilevile. Berthe alihisi damu ikimpanda mashavuni kama msichana.

Théodore alishusha mkono, akaweka kichwa upande kidogo, jinsi alivyokuwa akifanya zamani anaposubiri mtu amalize ili atafsiri. Alikuwa amempa neno. Alikuwa anangoja neno hilo.

"Minye?" alisema Berthe. "Minye niseme nini?"

Théodore akangoja tu.

Basi Berthe akasema. Alianza na mambo madogo, kwamba makaa ya mwezi huu ni mabichi, kwamba Danielle amekonda. Akanyamaza, akaona bado anasikilizwa, akaendelea. Alisema jinsi mvua ilivyong'oa mabati mumewe akiwa Kinshasa, na yeye Berthe akapanda juu mwenyewe na nyundo huku majirani wakimcheka kwa chini. Alisema jinsi watoto walivyokuwa wakikimbilia redio kila likitajwa Bunge, wakifikiri watamsikia baba. Ndipo akafika mahali ambapo hakuwa amepanga kufika.

"Siku mama yangu alikufa, uliniita ku telefone. Unakumbuka? Ulitoka mu kikao mbio-mbio, na kinywa yako ilikuwa bado ya kikao. Ukaniambia, pokea rambirambi zangu za dhati." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Rambirambi. Minye sikuyua hata ile neno. Nilienda kuuliza mwalimu wa Danielle maana yake. Balikuwa banazika mama yangu, na minye niko nauliza bwana yangu amesema nini. Sikutaka ya Bunge, Théo. Nilitaka ya Kikula. Ile ya kawaida. Ile moya ndogo tu."

Akakosa kuendelea. Majani ya sombe yalikuwa yameanguka sakafuni. Alikuwa amelibeba jambo hilo miaka yote ile bila kumwambia yeyote, hata padri, kwa sababu halikuwa dhambi ya mtu.

Théodore alijisogeza mbele. Ilimchukua muda, kwani mguu haukumsaidia. Alinyoosha mkono wake mzima mpaka ukaupata mkono wa Berthe, uliokuwa wa kijani kwa majani.

"Po," alisema. Akafunga macho, akajaribu tena, na Berthe aliona jinsi anavyolivuta lile neno kutoka mbali, kwenye njia iliyobomoka, kwa mikono mitupu. "Pole. Pole, Berthe."

Berthe alilia akiwa ameinamisha kichwa juu ya mkono wa mumewe. Théodore aliendelea kulisema, pole, pole, kwa kuwa sasa alikuwa amelipata na aliogopa kuliachia.

Maneno hayakurudi yote. Daktari alifurahi, akaandika, akasema hutokea kwamba maneno yaliyosemwa mara nyingi hubaki na njia yao wenyewe, na akawashauri waendelee. Wakaendelea. Kila Alhamisi walikwenda Bunge Kadogo, Théodore akaketi kabini na kaske yake, na Rachida alipokea watoto wa shule waliopita na kumwona babu yule nyuma ya kioo, wakafikiri ni sehemu ya makumbusho mpaka alipowapungia mkono. Nyumbani kikao kilifunguliwa kila jioni kabla ya bukari, ugali wao wa mahindi. Siku nyingine neno jipya lilikuja, chumvi, au mvua, au jina la mtoto. Siku nyingine hakuna kilichokuja ila basi, na wote wawili walikaa tu. Lakini Berthe hakuacha tena kusema. Alimwambia yote, ya miaka ile na ya siku ile, hata bei ya samaki wa ziwa Tshangalele na tabia za muuzaji, na Théodore alisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande. Akichoshwa alitoa sauti: "Hoja ya utaratibu!" Naye Berthe alimjibu, "Ngoja, muheshimiwa, niko nasema," na kuendelea mpaka amalize.

Mwishoni mwa kipupwe Danielle alifika kutoka Kambove akawakuta katikati ya kikao. Alitua mkoba, akawaangalia kwa zamu, akaketi kwenye gunia la makaa, akainua kidole.

Baba yake alimtazama sana. "Ninampa neno mheshimiwa..." Alitafuta. Midomo ilijaribu herufi moja, ikaiacha. Danielle alikuwa tayari kumsaidia, lakini mama yake alimshika goti amwache.

"Mheshimiwa," alisema Théodore, na uso ukamng'aa, "Kambove!"

Danielle aliangua kicheko, na Berthe naye, mpaka akashika ubavu, na Théodore akacheka nao bila kujua vizuri kosa liko wapi.

"Ni sawa, baba," alisema Danielle, akijifuta macho. "Kambove inaomba neno. Kambove iko na njala. Bukari iko wapi?"